Kabla Tonge Halijakwama: Historia ya Kuisaka Saratani ya Umio

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25, unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mrija huo hutanuka kwa wepesi, na wepesi huo ndio unaoificha saratani inayomea ndani yake. Uvimbe hukua kimya kimya huku mwenyewe akiendelea kula kama kawaida, hadi siku moja tonge la ugali au kipande cha nyama kinapokwama kifuani. Hulisukuma kwa maji, huanza kuchagua vyakula laini, huhamia kwenye uji, na mwishowe hata mate humshinda kumeza. Anapofika hospitalini, mara nyingi saratani imekwisha kupenya ukuta wa umio na kuingia kwenye tezi za limfu. Kwa sababu hiyo, waliotaka kuiwahi saratani hii walilazimika kuwaendea watu wasioumwa, vijijini kwao, wakiwa na kifaa cha kuonyesha kile ambacho mwili bado haujakilalamikia. Vifaa hivyo, pamoja na kasoro za kila kimoja, ndivyo vinavyounda historia ya uchunguzi wa mapema wa ugonjwa huu.

Saratani ya umio ina aina mbili kubwa. Ya kwanza huanzia kwenye seli bapa zilizotanda upande wa ndani wa umio. Ndiyo iliyo nyingi zaidi duniani, na ndiyo inayotawala Asia na Afrika. Ya pili, adenokasinoma, huota chini karibu na tumbo, na huonekana zaidi Ulaya na Marekani kwa watu waliosumbuliwa na kiungulia kwa miaka mingi. Aina ya seli bapa haikutawanyika sawasawa duniani. Ukanda mmoja huanzia kaskazini mwa Iran, karibu na Bahari ya Kaspi, hupita Asia ya Kati na kufika kaskazini mwa China. Mwingine hushuka mashariki mwa Afrika kutoka Ethiopia na Kenya hadi Malawi na Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini. Ndani ya kanda hizo wilaya moja huweza kuelemewa na ugonjwa huku jirani yake ikiuona kwa nadra. Palipo na mkusanyiko wa namna hiyo, kuwapima watu wote wazima wa kijiji kunakuwa na maana, kwa kuwa kuishi hapo tu ni hatari tosha.

Kwa muda mrefu tatizo la kwanza lilikuwa kuona. Mwaka 1868 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul, akiwa Freiburg, alipitisha bomba nyoofu la chuma hadi tumboni mwa mtu aliyejipatia riziki kwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Bomba lilipita bila taabu, maana mtu huyo alikwisha kuizoeza shingo yake kunyooka sawia na kifua. Ulioshindwa kufika ndani ni mwanga wa taa ya wakati ule. Ilibidi kungoja hadi 1957, pale Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan, alipoonyesha kifaa kinachopinda, chenye nyuzi nyembamba za kioo zinazosafirisha mwanga na picha. Hapo ndipo endoskopia, yaani kuchungulia ndani ya mwili kwa mpira wenye taa, ilipoanza kuwa kipimo cha kawaida. Lakini kifaa kilikuwa ghali na kilikaa katika hospitali kubwa. Kilitumika kuthibitisha ugonjwa wa mtu ambaye tayari chakula kilikuwa hakishuki.

Uchunguzi wa watu wasio na dalili ulianzia mahali palipokuwa mbali na hospitali kubwa. Linxian, wilaya ya mkoa wa Henan ambayo tangu 1994 ni mji wa Linzhou, iko kwenye miteremko ya milima ya Taihang, kaskazini mwa China. Ardhi yake ni ya mawe na maji yalikuwa ya shida. Wakulima walikula mahindi, mtama na viazi vitamu, na katika miezi ya baridi walitegemea mboga zilizochachushwa ndani ya mitungi. Tiba ya jadi ya Kichina ilikuwa na jina la kale la kushindwa kumeza, ye ge, na Linxian ugonjwa huo haukuwa mgeni kwa familia yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1950, viongozi wa wilaya walipofikisha shida zao kwa Waziri Mkuu Zhou Enlai, walizitaja kwa mkato: maji hayapiti, barabara haipiti, umio haupiti. Shida ya maji ilijibiwa kwa Mfereji wa Bendera Nyekundu, uliochongwa kwenye miamba ya milima hiyo katika miaka ya 1960. Kwa shida ya umio, Beijing ilituma madaktari, wakiwemo wa hospitali ya saratani iliyokuwa imefunguliwa katika jiji hilo mwaka 1958.

Walichokikuta kilithibitisha maneno ya wenyeji. Saratani ya umio iliua kwa kiwango cha zaidi ya watu 100 kwa kila 100,000 kwa mwaka, kiwango ambacho ni sehemu chache sana duniani zilizowahi kukifikia. Hata kuku wa wilaya hiyo, waliodonoa makombo ya nyumbani, walipatikana na saratani ya koo. Jambo hilo liliwafanya watafiti wageukie chakula, maji, ukungu wa nafaka na moshi wa makaa ya mawe, badala ya kuishia kwenye damu ya ukoo. Hata hivyo, kutafuta chanzo kungechukua miaka mingi, na wakulima walikuwa wanakufa. Kilichohitajika kwanza ni njia ya kumjua mgonjwa kabla hajajijua.

Njia hiyo ilitoka kwa Shen Qiong, mtaalamu wa patholojia katika chuo cha udaktari cha Henan, mjini Zhengzhou. Alijua kwamba George Papanicolaou, huko New York, alikuwa ameonyesha jinsi seli zilizokwanguliwa kwenye mlango wa kizazi zinavyoweza kufichua saratani changa zikiangaliwa kwa hadubini. Umio nao una ngozi laini ya ndani inayomwaga seli. Ugumu ulikuwa kuzifikia. Kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, Shen alitengeneza puto dogo la mpira lililovikwa kimia cha nyuzi na kufungwa kwenye ncha ya mrija mwembamba.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Mtu alifika bila kula kitu tangu usiku, akaketi na kumeza puto likiwa limesinyaa, kidogo kidogo, hadi alama iliyochorwa kwenye mrija ilipoonyesha kwamba ncha imefika tumboni. Hapo mhudumu alilijaza hewa kwa bomba la sindano, kisha akalivuta juu taratibu, kimia kikisugua kuta za umio kutoka chini hadi juu. Lilipokaribia koo, hewa ilitolewa ili lisimkabe. Lililotoka lilikuwa puto lenye utelezi na mara nyingine doa la damu. Lilipapaswa juu ya vioo vidogo, vioo vikatiwa rangi, na siku hiyohiyo au kesho yake vikawa chini ya hadubini. Wachina waliita kazi hiyo la wang, kuvuta wavu, na mvuvi yeyote aliyewahi kuvuta juya ataelewa jina hilo: chombo hushuka kitupu na kurudi na kilichokuwa chini.

Faida ya puto ilikuwa urahisi wake. Halikuhitaji umeme wala chumba cha upasuaji, na mhudumu wa afya wa kijijini aliweza kufundishwa kulitumia. Katika miaka ya 1960 na 1970 maelfu ya watu wazima wa Henan na mikoa jirani walipimwa kwa njia hiyo, na saratani zikapatikana zikiwa bado kwenye tabaka la juu la umio. Madaktari wa upasuaji wa China waliripoti kwamba katika hatua hiyo takriban wagonjwa 90 kati ya 100 waliokatwa uvimbe walikuwa hai baada ya miaka mitano. Matokeo kama hayo hayakuwahi kuonekana kwa wagonjwa waliofika hospitalini wenyewe baada ya kushindwa kumeza.

Wakati huohuo nchi nzima ilihesabiwa. Kati ya 1973 na 1975 serikali ya China ilikusanya taarifa za vifo kutoka karibu kila wilaya, zikigusa watu zaidi ya milioni 800, na mwaka 1979 zikachapishwa kama atlasi ya saratani. Kwenye ramani hizo saratani ya umio ilitokeza kama madoa mekundu yenye mipaka mikali, doa kubwa likiwa kwenye milima ya Taihang, pale zinapokutana Henan, Hebei na Shanxi. Atlasi hiyo ilijibu swali la nani apimwe kwanza, na ikawavuta watafiti wa nje.

Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilishirikiana na wenzake wa Beijing kuanzisha majaribio mawili ya lishe Linxian katikati ya miaka ya 1980. Moja lilihusisha watu wazima 29,584 kutoka kwa wakazi wa kawaida. La pili lilichukua watu 3,318 ambao upimaji wa puto wa mwaka 1983 ulikuwa umewaonyesha kuwa na displasia, yaani seli zilizoanza kupoteza umbo na mpangilio wake bila kuwa saratani. Matokeo yaliyochapishwa 1993 yalionyesha kwamba, katika jaribio la kwanza, kundi lililopewa beta-karotini, vitamini E na seleniamu lilipata vifo pungufu kwa asilimia 9, nafuu kubwa ikiwa upande wa saratani ya tumbo. Kwa wenye displasia, vidonge vya vitamini na madini mchanganyiko havikupunguza vifo vya saratani kwa kiasi cha kutegemewa. Chembe iliyokwisha kuharibika haikurudishwa nyuma na lishe. Ilibidi ionekane na kuondolewa.

Lakini je, displasia iliyoonekana ilikuwa dalili ya kweli? Jibu lilitokana na kundi dogo lililofuatiliwa kwa subira. Mwaka 1987 wakazi 682 wa Linxian walifanyiwa endoskopia na kukatwa vipande vidogo vya nyama kwa uchunguzi wa maabara. Majina yao yalitunzwa na hali zao zikafuatwa kwa zaidi ya miaka 13. Miongoni mwa waliokuwa na umio wa kawaida, asilimia 8 walipata saratani katika muda huo. Waliokuwa na displasia hafifu walifikia asilimia 24, ya wastani asilimia 50, na kali asilimia 74. Ngazi hiyo ya namba ilimaliza ubishi: displasia ndiyo njia ambayo saratani ya seli bapa hupitia, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo muda wa kuiwahi unavyopungua.

Ufuatiliaji wa aina hiyo ulifichua pia udhaifu wa puto. Lilipolinganishwa na endoskopia katika miaka ya 1990, puto liligundua chini ya nusu ya watu waliokuwa na displasia au saratani. Wengi waliambiwa wako salama ilhali hawakuwa. Wavu uliokuwa umeokoa wengi ulikuwa na matundu makubwa mno, na China ikaanza kuuacha.

Endoskopia peke yake nayo haikutosha. Displasia haina uvimbe wala kidonda; chini ya taa ya kawaida hufanana na ngozi iliyo karibu nayo. Kilichoitoa mafichoni ni dawa ya zamani sana. Mwaka 1829 tabibu Mfaransa Jean Lugol alichanganya iodini na iodidi ya potasiamu katika maji, akikusudia kutibu kifua kikuu. Karne moja baadaye, Walter Schiller wa Vienna aliipaka kwenye mlango wa kizazi na kuona kwamba sehemu nzima hugeuka kahawia huku sehemu yenye saratani ikibaki bila rangi. Sababu yake ni glaikojeni, akiba ya wanga iliyomo ndani ya seli bapa zenye afya. Iodini hushikamana nayo na kutoa rangi. Seli zilizoharibika huwa zimeimaliza akiba hiyo. Daktari anapomwaga iodini ndani ya umio kupitia mpira wa endoskopia, ukuta wote hugeuka rangi ya kahawa katika muda mfupi, na displasia hubaki kama kisiwa cha manjano chenye kingo zinazoonekana waziwazi. Mgonjwa huhisi mwako kifuani kwa muda, kisha hupoa.

Kipimo hicho kilijaribiwa Linxian kwa watu 225, na taarifa yake ikatoka 1998, kiongozi wake akiwa Mmarekani Sanford Dawsey. Kabla ya kupaka iodini, endoskopia ilionyesha asilimia 62 ya waliokuwa na displasia kali au saratani. Baada ya kupaka, ilionyesha asilimia 96. Gharama yake ilikuwa kukatwa vipande vingi zaidi, kwa kuwa hata mikwaruzo na uvimbe mwepesi wa umio hukosa rangi. Tiba nayo ilikuwa imebadilika. Madaktari wa Japani walikuwa wamebuni namna ya kuivua ngozi iliyoharibika kwa kifaa kinachopita ndani ya mpira huohuo, bila kupasua kifua. Mtu aliyepatikana na displasia kali aliweza kutibiwa na kurudi shambani baada ya muda mfupi, na jambo hilo liliondoa moja ya hofu kubwa zilizowafanya wanakijiji wakwepe kupimwa.

Ushahidi kwamba upimaji huo unapunguza vifo ulichapishwa mwaka 2015. Katika vijiji 14 vya eneo lililoelemewa na ugonjwa nchini China, wakazi wa miaka 40 hadi 69 walialikwa kwa endoskopia moja yenye iodini, na waliopatikana na displasia au saratani wakatibiwa. Vijiji 10 vingine viliachwa vya kulinganisha. Baada ya miaka 10, asilimia 3.35 ya watu wa vijiji vilivyopimwa walikuwa wamekufa kwa saratani ya umio, dhidi ya asilimia 5.05 kwingine. Wagonjwa wapya nao walipungua, kutoka asilimia 5.92 hadi 4.17, ishara kwamba baadhi ya saratani zilizuiwa zisitokee kabisa. Nafuu hiyo ilipatikana ingawa kati ya watu 6,827 waliostahili kupimwa, waliokubali walikuwa 3,319, chini ya nusu. Kabla ya matokeo hayo, tangu katikati ya miaka ya 2000, serikali ya China ilikuwa imeanza kugharamia upimaji wa aina hiyo katika maeneo ya vijijini yenye hatari.

Ulaya ilipita njia nyingine kwa sababu ya aina nyingine ya saratani. Mwaka 1950 daktari wa upasuaji Norman Barrett, wa London, aliandika juu ya umio ambao sehemu yake ya chini ina ngozi isiyo ya kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba badiliko hilo, linalobeba jina lake, husababishwa na asidi ya tumbo na huweza kuzaa adenokasinoma. Wenye kiungulia ni wengi mno kupelekwa wote kwenye endoskopia. Rebecca Fitzgerald na wenzake wa Cambridge walitengeneza sifongo iliyobanwa ndani ya kidonge chenye uzi: mgonjwa hukimeza, ganda huyeyuka tumboni kwa dakika chache, sifongo hutanuka, na muuguzi huivuta kwa uzi ikiwa imebeba seli. Katika jaribio lililohusisha watu 13,222 nchini Uingereza, lililochapishwa 2020, kundi lililopewa nafasi ya kipimo hicho lilitoa watu 140 wenye umio wa Barrett, na kundi lililopata huduma ya kawaida likatoa 13. Miaka 60 baada ya puto la Henan, wazo la kuvuta wavu lilikuwa limerudi, safari hii likisaidiwa na rangi za maabara zinazotambua seli zenyewe.

Ukanda wa Afrika ulichelewa kupata vifaa hivyo, ingawa ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mapema. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Transkei, Afrika Kusini, walianza kueleza wingi wa saratani ya umio, jambo ambalo halikuonekana Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1960 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, alikusanya taarifa za hospitali za misheni na kuchora ramani za saratani za ukanda huu, na watafiti wengine wakaonyesha jinsi ugonjwa ulivyojaa magharibi mwa Kenya. Mwaka 1971 mtafiti Paula Cook alichapisha uchambuzi uliohusisha maeneo hayo na pombe ya mahindi. Baadaye vikaongezwa tumbaku, maziwa ya mursik yanayohifadhiwa kwenye kibuyu kilichopakwa masizi, moshi wa jikoni na vinywaji vya moto. Huko Golestan, Iran, utafiti uliochapishwa 2009 ulikuwa umefungamanisha chai ya moto sana na saratani hii. Mkoani Kilimanjaro, watafiti walipopima chai mkononi mwa wanywaji, fundo la kwanza lilinywewa kwa wastani wa nyuzi joto 70.6. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vile ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu.

Hospitali ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, ni kati ya zilizouona mzigo huo kwa karibu zaidi. Kwa miaka mingi madaktari wake waliwawekea wagonjwa stenti, mrija wa wavu wa chuma unaoizibua njia ili mtu ameze tena kwa miezi iliyobaki, lakini hauondoi saratani. Baadhi ya wagonjwa walikuwa hawajafika miaka 30, umri ambao saratani hii huonekana kwa nadra katika sehemu nyingine za dunia. Kati ya 2013 na 2014 hospitali iligeuza utaratibu. Badala ya kungoja, iliwaalika watu wazima wa maeneo ya jirani wasio na dalili yoyote, ikawapima kwa endoskopia yenye iodini ya Lugol, kwa ushirikiano na wataalamu waliokuwa wamefanya kazi Linxian, Dawsey akiwemo. Watu 305 walijitokeza, na asilimia 14.4 walikuwa na displasia, takriban mmoja kwa kila saba. Kwa matokeo hayo ilijulikana kwamba Bomet ina mizizi ileile ya ugonjwa iliyofukuliwa Henan, na kwamba iodini, dawa ya bei nafuu, huifichua hapa kama ilivyoifichua kule. Kinachosalia kuwa adimu ni mpira wa endoskopia, mtaalamu wa kusoma vipande vya nyama, na vifaa vya kuondoa displasia iliyopatikana. Kati ya watu wale 305, hakuna aliyekuja akilalamika kwamba tonge limekwama.